Siku Mama Alipoitwa Kapita

Juzi, kwenye ufuko wa Goma, nilimwona binti akipiga kasia peke yake, nikakumbuka siku mama aliponipeleka kwao Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, nikiwa mdogo. Ufuko wote wa kule ulinuka samaki na moshi. Muzee mmoja mvuvi akamwita mama, "Kapita, umerudi?" Nikadhani mama ndiye mkubwa wa kijiji kile.

Akavua viatu, akakaza kitenge, akanipakia kwenye mtumbwi. Ziwani niliona mawe meusi, nikamwomba anipeleke niyakanyage.

"Yale ni viboko, mutoto wangu. Nyamaza tu."

Akageuza mtumbwi taratibu, maji yasilie. Leo najua walimpa jina lile, la msimamizi wa kazi, kwa sababu, akiwa msichana, ndiye aliyeongoza mtumbwi wa baba yake. Siku ile nilijua jambo moja tu: mama ndiye mkubwa pale. Tuliposhuka nilimshika mkono, nikasalimia kila mutu, kifua mbele, kama mtoto wa mwami.