Tambara Lilikuwa Kavu

Nilikuwa na kiherehere, hilo sikatai. Nilikuwa nimeanza kazi ya ofisi katikati ya jiji, nimenunua diski ya nje ya kubeba mfukoni, na nimesikia kwamba ukiweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, humo unaweza kuichomeka kwenye kompyuta ya mtu yeyote ukafanya mambo yako. Kompyuta yenyewe sikuwa nayo. Ya shangazi, kule Waithaka, ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kila kitu nyumbani mwake, hadi simu ya mezani.

Jumamosi moja, shangazi akiwa kanisani kwenye mkutano wa akina mama, nilichomeka diski yangu nikaanza. Kila swali lililotokea nilibonyeza endelea. Nani ana saa ya kusoma? Ilipokubali nilipiga makofi peke yangu, nikachomoa diski nikaenda zangu.

Kesho yake shangazi akanipigia simu. Kompyuta imekataa kuwaka, na kumbukumbu zote za kikundi chao zimo humo. "Ni huyu dada! Ametoa vitambaa afue, akaipanguza na tambara ya maji. Nimemwambia mara ngapi? Leo anaenda kwao."

Dada wa kazi alikuwa mama wa watu kutoka Kitui, mkubwa wangu kwa miaka mingi. Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wake wawili.

Nilipofika nilimkuta mlangoni, mfuko wake umeshafungwa. "Wewe unajua hizi vitu," akaniambia. "Waambie, tafadhali. Tambara ilikuwa kavu."

"Wacha niangalie kwanza."

Nilichomeka diski yangu. Kompyuta ikawaka papo hapo. Nikaichomoa, nikawasha tena: kimya. Kiprogramu cha kuwashia Linux nilikuwa nimekiweka ndani ya kompyuta ya shangazi badala ya kwenye diski yangu, na bila diski hiyo hakikujua pa kuanzia. Maji hayakuhusika hata tone.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Huyu ndiye aliyewatangazia wanawake wote wa kanisa kwamba katika ukoo wetu mwenye akili ni mimi. Maneno yalikuwa matatu tu: shangazi, ni mimi. Yakanikwama. Nikajisikia nikisema, "Iliingia unyevu kidogo. Nitairekebisha."

Woi, ulimi huu! Mlango ulikuwa wazi, na dada alikuwa pale pale nje.

Ilinichukua muda mfupi tu kuirudisha ilivyokuwa. Shangazi akapaza sauti, "Mungu ni mwema!" akakimbilia jikoni kunipikia chai mwenyewe. Nikabaki pale naona aibu kugeuka.

Dada akaingia taratibu. Alikuwa ametoka kwenye kamba ya nguo, na mkononi alishika kile kitambaa cha kompyuta, kimefuliwa na kukunjwa vizuri. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Funika," akasema, akinikabidhi. "Imekauka."