Maganda ya Ndizi na Sufuria Yangu

Wazo lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu katika ploti yetu ya nyumba za kupanga, mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, hakuna anayelikumbuka.

Nyuma ya ukuta wetu watu waliwahi kuvunja betri kuukuu za magari, na maji ya kisima tunachotumia yalipopimwa yalikutwa na madini ya risasi. Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda cha rangi, Industrial Area. Kemia sikuisoma shuleni; niliisoma saa za chakula cha mchana, katika vitabu vya mitumba. Huko ndiko nilikojua kwamba maganda ya ndizi yaliyokauka hunasa risasi. Nikayakusanya kwa mama mboga, nikayachemsha kwa maji ya ndimu ili yatakate, nikayakausha, nikayasaga, nikayapanga ndani ya ndoo juu ya mchanga. Kila hatua niliiandika daftarini.

Jirani yangu wa mlango wa pili hushona sandali sokoni Kariokor. Jumapili mbili alisimama mlangoni kwangu akiniangalia, kisha akatengeneza ndoo yake. Hakuchemsha chochote. Aliyakata maganda kwa kisu cha ngozi, akayaosha kwenye beseni la plastiki, akayaanika juu ya gunia.

"Mwalimu, mimi sina wakati wa kuipikia ndoo," aliniambia, kwa jina alilonibandika kwa sababu ya daftari langu, na wanawake waliokuwa wakifua wakacheka.

Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni kwamba mke wangu alianza kuchota maji kwake.

"Yako yana uchungu, baba watoto," alisema. "Ya jirani ni laini."

Neno hilo, laini, nilitembea nalo wiki nzima.

Mwenye ploti alipokubali kununua pipa kubwa la kuchujia maji ya wote, wapangaji waliamua lifuate njia ya ndoo itakayoshinda kwenye vipimo. Nikampelekea mkemia wa kiwandani chupa tatu: maji ya kisima, yangu na ya jirani. Njiani niliomba ya jirani yawe mabaya. Niliomba hivyo nikijua mke wangu alikuwa ameyanywa asubuhi ile.

Risasi katika maji ya jirani ilikuwa imepungua sana, ingawa haikuwa imekwisha. Katika yangu ilizidi hata ile ya kisimani.

"Mzee," mkemia aliniuliza, "wewe unachuja au unaongeza?"

Nilirudia daftari ukurasa kwa ukurasa. Maganda yetu yalitoka kwa mama mboga mmoja. Mchanga ulikuwa wa lori moja. Ilibaki sufuria niliyochemshia maganda, ile nzito iliyotengenezwa na fundi kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa. Nikachemsha ndani yake maji safi ya chupa na ndimu, bila ganda hata moja, nikayapeleka yapimwe. Risasi ilikuwemo. Ndimu ilikuwa ikiitoa kwenye sufuria yenyewe, na katika sufuria hiyo mke wangu alikuwa amepika mchuzi wa nyanya kwa miaka.

Tulikwenda kupimwa damu, nyumba nzima. Tukingoja majibu, niliitoboa sufuria kwa msumari ili asije mtu akaiokota na kuipikia.

Jumapili niliwasomea wapangaji matokeo yote, pamoja na yangu.

"Kumbe Mwalimu alikuwa anatupikia betri!" jirani alisema, na ploti nzima ikaangua kicheko. Pipa likafuata njia yake. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nikapewa rangi na brashi niandike maagizo juu yake: maganda yaoshwe kwenye beseni la plastiki, yasichemshwe, yakichakaa yasipewe mbuzi.

"Andika pia ni nani alianzisha," jirani alisema. Alikuwa na nia njema, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kicheko chake. Nilifunika kopo la rangi, jina langu sikuliandika.

Majibu ya damu yalikuja: risasi ilikuwemo. Daktari alituambia turudi tupimwe tena. Mke wangu sasa huchota kwenye pipa kama wengine wote, na bado huyaita maji ya jirani. Sufuria mpya niliinunua mimi. Hiyo huiita sufuria tu.