Baridi ya Kufika Mahoo

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakunipa spana wala hakunionyesha stoo. Aliniita mbele ya gari la watalii lililokuwa likinguruma, akaniinamisha juu ya injini, akanionyesha kidirisha cha kioo kisichozidi kifungo cha koti.

"Angalia hapo. Unaona nini?"

"Naona maji yanachemka."

"Si maji. Hiyo ni gesi. Ukiona povu, jua gesi ni kidogo. Ongeza pole pole. Povu likiisha, kioo kikae kama hakuna kitu ndani, unafunga. Hiyo ndio kazi yetu. Ingine yote ni kukaza nati."

Nilikitazama kioo kile hadi shingo ikauma. Mapovu yalipita mbio, kisha yakapungua, yakawa moja moja kama watu waliochelewa ibada, halafu yakaisha. Bomba nililokuwa nimelishika likaanza kutoa jasho la baridi. Mimi ni mtoto wa milimani, upande wa Werugha, ambako ukungu huingia hadi jikoni na hakuna anayeukaribisha. Kwamba huku Voi kuna watu wanaitafuta baridi kwa udi na uvumba, na kwamba mimi, Mghoi, ningekuwa wa kuwapa, lilinijia kama jambo la ndotoni. Kwa miaka mingi iliyofuata sikuamka vizuri kutoka ndoto hiyo.

Nyinyi vijana mnabonyeza kitufe na kulalamika kwamba miguu inaganda, kwa hiyo acheni niwaeleze kidogo. Gari halitengenezi baridi. Linahamisha joto tu. Kompresa husukuma gesi hadi kwenye kondensa, ule wavu wa mabomba ulio mbele ya rejeta, na hapo gesi hutema joto lake kwa upepo. Kisha hupita kwenye draya, kichupa kinachonyonya unyevu, ambacho ndicho kilichobeba kile kioo changu. Ikitoka hapo huingia ndani ya gari ikiwa na njaa, ikala joto la abiria, ikarudi nalo nje. Gari likitembea, upepo husaidia. Likisimama juani, mzigo wote huiangukia kondensa.

Nimetengeneza magari mengi, lakini mnaponiuliza habari za kazi yangu, mawazo hurudi kwa moja tu: Benzi nyeupe ya Bwana Salim, muuza vitambaa wa hapa Voi. Gari hilo lilitakiwa kubaki baridi kutoka Voi hadi Mahoo, kule Taveta, la sivyo mkewe asingemwona mamake tena. Ili nilieleze, lazima kwanza niwapitishe Kishushe.

Gereji ya watalii ilipopunguza watu, nilipata kazi Kishushe kwenye kampuni iliyokuwa ikitafuta madini. Barabara ya huko ilifungua jioni kila nati niliyoikaza asubuhi. Msimamizi wa Magari alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini hata akiwa amekasirika, na ndiye aliyeniletea chupa yangu ya kwanza ya rangi ya samawati. Sisi tulizoea chupa nyeupe, gesi ya kumi na mbili.

"Mama Mghoi, hii nyeupe inaondolewa," akaniambia. "Wanasema inaharibu anga huko juu. Sasa ni hii, mia moja thelathini na nne."

Nikainua uso kutazama. Anga la Kishushe lilionekana zima kabisa, jeupe kwa joto, na mwewe mmoja akizunguka bila haraka. Msimamizi akacheka, nami nikacheka, kisha tukaanza kujifunza.

Gesi mpya ilikuja na tabia zake kama mke wa pili. Haipatani na mafuta ya kompresa ya zamani, kwa hiyo lazima uyamwage yote, uoshe mabomba, utie mafuta mengine. Hupenya kwenye mipira iliyochoka, kwa hiyo unabadilisha kila oringi, ile pete ya mpira kwenye maungio, na draya pia. Kisha unavuta hewa yote itoke, unaiacha geji imetulia, unakunywa chai, unarudi kuona kama mshale umesogea. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba gesi hii haijazwi kwa kutazama kioo. Ukiijaza mpaka povu liishe, umeshaizidisha, na presha yake ni kali. Inajazwa kwa mizani. Chukua uzito wa gesi ya zamani uliowekwa na kiwanda, punguza sehemu moja ya tano, ukifika hapo funga, hata kama povu bado linacheza mbele ya macho yako.

Nilirudi Voi nikafungua kibanda changu mwenyewe, na hapo ndipo Bwana Salim aliponiletea Benzi yake. Kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa, na gesi nyeupe haikupatikana tena. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa na maradhi ya neva. Joto likimzidi, miguu ilikufa na macho yakaingia kiza. Miaka mitatu alikuwa hajatoka nyumbani mchana. Mamake alikuwa Mahoo, mzee asiyeweza tena kupanda gari mwendo mrefu, naye alikuwa akitafuta habari za mwanawe kwa kila aliyepita. Bwana Salim hakuona vizuri kuendesha usiku, na kiti cha mbele cha Benzi hiyo ndicho pekee kilichorekebishwa ili mkewe aketi miguu ikiwa imenyooka.

"Fundi, nataka nimfikishe salama," akaniambia. "Mamake hana siku nyingi. Miye sina gari jingine na sina mke mwingine."

Nilifanya kila kitu nilichowaeleza, na juu yake nikafunga feni ya umeme mbele ya kondensa. Siku ya kujaza gesi, Bwana Salim alisimama juu ya kichwa changu. Miaka yote aliwaona mafundi wakijaza kwa kioo, na macho hayo hayo aliyakaza kwenye povu. Nilipofunga, alishtuka, akatoa simu na kumwita Fundi Mkuu, aliyekuwa amestaafu kule Maungu, akifuga mbuzi wake. Mzee alifika na fimbo, akainama juu ya injini kama alivyoniinamisha mimi nikiwa msichana.

"Mghoi, hii kioo iko na povu."

"Najua, Mzee."

"Sasa unafunga aje?"

"Iongeze, Mzee wangu, iongeze," Bwana Salim akadakia. "Sitaki Bi Mwanaidi azimie kule Maktau kwa sababu gesi imefanyiwa ubahili."

 Huyu ndiye aliyenifundisha kuona, na nilimpenda kama babangu. Lakini nilijua kitakachotokea. "Mzee," nikasema, "kwa gesi ile ya zamani wewe ni mwalimu wangu mpaka kesho. Hii ingine ukiiongeza, njiani itaenda vizuri tu. Wakisimama juani, presha itapanda na paipu itapasuka. Naomba uniachie mizani."

 Mzee akaweka kiganja kwenye bomba la kurudi, akakiacha pale hadi maji ya baridi yakamchirizika kwenye kifundo cha mkono.

"Baridi iko," akasema. "Lakini macho yangu yanakataa." Akageuka, akaipa Benzi mgongo. "Acha imefungwa hivyo. Mimi sitaangalia."

Bwana Salim akanielekezea kidole. "Basi nawe utakwenda nasi, Mama Mghoi. Ikizimika, tuzimike sote."

Tulipita Mwatate asubuhi, mistari ya mkonge ikifunguka na kujifunga pembeni mwa barabara. Bi Mwanaidi alikaa mbele, leso magotini, miguu imenyooka, uso ameupeleka kwenye tundu la hewa kama anayenong'onezwa. Baada ya Bura nchi ikawa nyekundu na tupu. Ndovu walisimama mbali, rangi moja na udongo, na mawimbi ya joto yaliwayeyusha miguu hadi wakaonekana wanaelea. Ndani hatukusikia chochote ila pumzi ya kiyoyozi. Nilisinzia na kuzinduka, nikasinzia tena, nisijue ndovu gani wa kweli na gani wangu.

"Nje kunatokota," Bi Mwanaidi akasema taratibu, "nasi twapita tu."  

Mahoo tulisimama chini ya migomba, lakini kivuli kilikuwa chembamba na jua lilikuwa limesimama wima. Nyumba ya mamake ilikuwa ya mabati, ndani ni moto kuliko nje. Bi Mwanaidi alifungua mlango, akashusha mguu mmoja. Joto likamdaka kabla ya kushusha wa pili. Alishika fremu ya mlango, midomo ikapauka, nasi tukamrudisha ndani haraka na kufunga. Alianza kulia. Alikuwa ameifikia nyumba ya mamake na asiweze kuzitembea hatua chache zilizobaki.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka. Bibi kizee mdogo wa umbo, mkavu, alitoka akijikongoja kwa mpini wa jembe. Alitutazama sote, akaitazama Benzi.

"Yeye akishindwa kutoka, mimi sijashindwa kuingia," akasema. "Salim, toka hapo."

Bwana Salim akatoka mbio, na mama mkwe akaketi mbele ya usukani, akafunga mlango. Kupitia kioo niliwaona wakishikana vichwa. Bwana Salim alienda kusimama nyuma ya migomba ili nisimwone akipangusa macho.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Gari lilikuwa limesimama, injini inanguruma, jua liko juu yake, na wale wawili ndani hawakuwa na haraka yoyote ya dunia. Nilifungua boneti na kutega sikio. Klachi ya kompresa ilikuwa ikishika na kuachia, tak, tak, na kila mara ikikawia zaidi kushika tena. Feni ilikuwa ikijitahidi, ila ilikuwa inavuta hewa ya moto. Nilijua wazi kwamba kama gesi ingeongezwa, paipu ingekuwa imepasuka zamani. Hata hivyo, mizani peke yake haikutosha kwa jua lile. Nikachukua ndoo, nikachota maji kwenye mfereji wa shamba, nikaimwagia kondensa polepole. Mvuke ukapanda. Klachi ikashika. Nikarudi kuchota. Nilichota mpaka viatu vikajaa matope na gauni likanigandama mgongoni, na wao wakazungumza, wakanyamaza, wakazungumza tena.

Dirisha lilishuka kidogo. Bibi akanitazama.

"Ni wewe unatuletea hii baridi?"

"Ni gari, Bibi."

"Gari halichoti maji," akasema, akatoa mkono dirishani na kunishika shavu. Kiganja kilikuwa baridi, baridi hasa, katikati ya joto lile la kuchoma. Nililia, wala sikuona aibu.

Waliagana jua lilipolegea, na hawakuonana tena, kwa maana Bibi alifariki kabla ya mvua. Nami sikukaa sana kazini baada ya hapo. Magoti yalianza kudai haki yao, na magari mapya yanataka kompyuta ambazo sina subira nazo. Vijana wanaopita kwangu huniuliza kama ninaikumbuka kazi. Kazi yenyewe hapana; mgongo wangu umeshukuru sana kuachana nayo. Lakini Februari, jua likikaa juu ya mabati na hata mbwa wakikataa kubweka, hujikuta nimeketi kimya mlangoni, nimejishika shavu la kushoto, natamani mkono wangu uwe baridi kama ule.