Sentensi Niliyokataa Kuiandika Dada Alipokufa

Kwetu Malangali, msomi wa familia ndiye anayeandika wasifu wa marehemu, na kila wasifu huishia na maneno yale yale: sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi. Nilikwisha kuuandikia ukoo wasifu tatu, zote nikazifunga hivyo bila kuamini. Wa nne ulikuwa wa dada yangu.

Dada aliolewa kijijini, huko kwenye mashamba ya ulezi. Uchungu ulimshika asubuhi ya mvua. Wakwe zake wakampakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali, pikipiki ikazama kwenye tope, na walipokuwa wakiisukuma damu ikamwishia. Niliandika hivyo hivyo. Nikaongeza: "Njia ingepitika, angekuwa hai." Nikaweka nukta.

Baba mdogo ni katekista, naye ndiye msomaji wetu misibani. Aliigeuza karatasi kuangalia kama kuna kitu nyuma.

"Mungu umemwacha wapi?"

"Sikusikia kama alikuwepo kwenye lile tope, baba mdogo."

"Chuo kimekuharibu. Mimi hii siisomi."

"Mwacheni," shangazi alisema kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Akichoka kugombana na Mungu atakuja kugombana na ugali."

Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Mama hakucheka. Alikaa mkekani, siku ya pili hajala. Nilijua maneno yale ya Mungu yangemfariji, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnyima. Nilikaribia kuichukua kalamu. Lakini nikiyaandika, tope lile lingekuwa limesamehewa, na masika mengine lingemmeza mwingine.

"Ulichoandika ni kweli?" mama aliuliza.

"Kweli tupu, mama."

"Basi kasome mwenyewe."

Nikasoma kaburini. Nilipofika kwenye nukta nikanyamaza, na waombolezaji, kwa mazoea, wakamalizia wenyewe: "Lakini Mungu amempenda zaidi." Wote, kama wanaitikia litania. Nikawangoja watulie. Kisha nikarudia, kwa sauti kubwa kuliko yao: "Njia ingepitika, angekuwa hai."

Hakuna aliyeitikia. Baba mdogo akaanza sala haraka haraka. Mama akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Halafu akafumba macho akasali na wenzake. Mimi nilisimama ubavuni pake, mdomo nimeufunga.