Barua ya Mwisho ya Kapiteni

Nilitoka Bukavu kwenda Goma kwa sababu shangazi yangu Régine alinipigia simu. Alisema macho yake yanaisha, na kuna barua ya Kiingereza anayotaka kuisikia kabla hajafa. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Katika ukoo wetu hakuna mwingine.

Barua ilitoka kwa Kapiteni. Hivyo ndivyo marehemu babu alivyomwita afisa mmoja wa majini, Mwingereza, aliyeongoza boti ndogo ya moshi kwenye ziwa Tanganyika wakati wa vita vya kwanza. Babu na rafiki yake Paulin walikuwa wakichochea moto wa boti ile. Siku moja, katikati ya mapigano, moto ulififia, boti ikasimama, na Paulin akauawa. Watu walisema babu alisinzia. Ukoo wa Paulin, ambao pia ulihamia Bukavu, haukukanyaga kwetu tena, si kwa arusi wala kwa matanga.

Saa moja asubuhi boti iliacha bandari. Utotoni, kila likizo kubwa, baba alinipeleka kwa shangazi kwa njia hii hii. Tulipopita kisiwa cha Idjwi alikuwa akininunulia nanasi na kunionyesha vilima kimoja kimoja kwa jina. Safari hii nilivitazama peke yangu, na majina mengine nilikuwa nimeyasahau.

Alasiri nilifika Goma. Pikipiki ilinipeleka Katoyi, kwenye nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkeno. Shangazi alinipapasa uso.

“Uko na pua ya baba yako,” alisema. “Ikala, mutoto wangu. Kula kwanza.”

Baada ya bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alileta barua zote za Kapiteni. Zile za zamani padri alikuwa akimsomea babu kwa Kiswahili. Sasa nilizisoma mwenyewe, na maisha ya Kapiteni yakapita mbele yetu: kijana anayeogopa radi za ziwani, kisha miaka mingi kwenye meli kubwa, akipanda cheo polepole, kisha vita vya pili, akilinda meli za mizigo kwenye bahari yenye barafu. Kila barua iliishia kwa kumuuliza babu kama bado anakohoa.

Ya mwisho ilikuwa bado imefungwa. Ilifika wiki ile babu alipozikwa.

“Kwa nini hukuifungua, shangazi?”

“Ilikuwa ya baba. Na niliogopa. Kama inasema kweli alilala, je?”

Niliifungua. Kapiteni aliandika akiwa amestaafu. Katika vita vya pili meli yake ilizama kwa amri yake mbaya, na alikiri mbele ya wakubwa wake. Tangu siku ile hakupata usingizi kwa sababu ya kosa jingine, la zamani, ambalo hakuwa amelikiri. Kwenye ziwa Tanganyika, yeye ndiye aliyeamuru kuni za akiba zipunguzwe ili boti iwe nyepesi na iende mbio. Babu alimwonya kwamba hazitatosha. Baadaye, watu walipomlaumu babu, Kapiteni alinyamaza. “Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilitaka cheo,” aliandika. “Naomba unisamehe.”

Shangazi aliichukua barua, akaikunja.

“Baba alijua,” alisema. “Alijua mambo ya kuni, na bado alimwandikia.”

“Wewe unamsamehe?”

“Miye sijue. Lakini peleka hii barua kwa watu wa Paulin. Usipite nyumbani kwako kwanza.”

Kesho yake nilipanda boti ya kurudi. Njiani nilifikiria jinsi babu alivyobeba lawama ya mtu mwingine hadi kaburini, huku akipokea barua zake kwa furaha. Sikuwa nimewahi kumheshimu babu kiasi hicho.

Jioni, Bukavu, nilibisha kwa Papa Déo, mjukuu wa Paulin. Tulikuwa majirani wa parokia moja na hatukuwa tumewahi kusalimiana. Nilimsomea barua nikiwa nimesimama mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba nirudie sehemu ya kuni.

“Bibi yangu alikufa akiwachukia,” alisema.

“Ninajua, Papa.”

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. “Dimanche, kisha misa, mutakuwa nyumbani?”

Jumapili ile walikuja watu kumi na saba wa ukoo wa Paulin. Viti havikututosha, wengine wakakaa kitandani kwangu.