Mapigo ya Mchi Mmoja

Ashatu binti Ausi alianguka kutoka dunguni, ule ulingo wa kufukuzia ndege shambani, siku ya Ijumaa, akiamia ndege katika mpunga ambao hata ndege wenyewe walikuwa wameanza kuudharau. Ulikuwa mwaka ule wa njaa, Seyyid Barghash angali akitawala Unguja, na jua lilikuwa limeliunguza bonde lote la Kingani. Wenzake walikwisha kata tamaa na kurudi mjini Bagamoyo, ila yeye, kwa ubishi wake, alisema atabaki mpaka suke la mwisho. Kidato cha ngazi ya dungu kikavunjika, akaangukia mkono wa kulia, na mfupa ukakatika chini kidogo ya kiwiko. Aliyembeba mgongoni kutoka bondeni mpaka nyumbani kwake ni Mize.

Huyu Mize hakuwa ndugu yake kwa damu. Walichezwa unyago pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, na kwa miaka kumi na minane walitwanga katika kinu kimoja, uani kwa Ashatu. Mji mzima uliwajua kwa hilo. Mmoja akiinua mchi, mwingine anashusha, bila kugongana na bila mwanya, na mtu aliyepita nyuma ya ukuta angedhani anayetwanga ni mmoja mwenye mikono minne. Majumba makubwa yalipokuwa na harusi yaliwaita wao, nao wakarudi kila mmoja na vibaba vyake vya mchele. Ashatu alikuwa mjane, na binti yake Dija ameolewa Mkange. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyompa mtu wa kucheka naye kila siku ya Mungu.

Basi mtaelewa kwamba mkono ule haukuwa mkono tu. Mvua za masika zikija na kazi kurudi kabla mkono haujapona, Mize angelazimika kutafuta mwenzi mwingine wa kutwanga naye, na Ashatu angefunga mkeka wake aende Mkange, akakae ugenini kwa mkwewe akingojea kupakuliwa. Hilo alilihofu kuliko njaa.

Bi Tabia, fundi wa kuunga mifupa kutoka Makurunge, alimfunga vipande vya mwanzi na kumwambia asiviguse siku arobaini. Siku hizo hazikuwa mbaya, ukitoa maumivu. Mize alikuja kila jioni na ming'oko aliyochimba porini. Mina, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na maneno yake mengi, maana chakula hakuwa nacho. Watu walikaa uani kwa Ashatu wakiisema njaa mpaka ikaonekana ndogo.

Siku ya arobaini Bi Tabia alifungua vile vipande. Mkono ulikuwa umekonda, kiwiko kimekataa kunyooka, na vidole havikuweza kushika hata kata ya maji.

"Mfupa umeunga," alisema Bi Tabia. "Kilichobaki ni kazi yako, si yangu. Kila siku ukishasali alfajiri, shika mchi utwange. Subhanallah thelathini na tatu, na kila moja pigo lake. Ukizimaliza bila machozi, ongeza alhamdulillah zako. Siku utakayofika mwisho wa Allahu akbar zote, jua mkono umerudi."

"Nitwange nini, Bibi? Humu ndani hamna punje."

"Twanga pumba. Usitwange kinu kitupu, kitakurudishia pigo mfupani. Na ukiacha siku moja, mkono utajua. Ukiacha saba, usinitumie mtu."

Pumba alikuwa nazo, nusu kikapu, za mavuno ya mwaka uliotangulia. Alikuwa amewawekea kuku, na kuku wenyewe walikwisha liwa zamani. Lakini aibu ilimshika. Mwanamke mzima, fundi wa kutwanga, aonekane asubuhi akitwanga pumba! Watasema njaa imempanda kichwani. Hivyo Ashatu akafanya kosa ambalo mpaka leo simlaumu sana: akafunga mlango wa ua kwa komeo, na hakumwambia mtu.

Siku ya kwanza alifika kumi na moja. Mkono wa kushoto ndio uliobeba mchi, wa kulia ukawa kama mgeni aliyeshikishwa kazi, na machozi yakamtoka kabla hajafika nusu. Siku ya tatu akafika kumi na nne. Baada ya juma alifika ishirini, akakaa chini kando ya kinu, akangoja Mize aje jioni amwambie. Alikwisha ipanga namna atakavyomwambia, kwa mzaha, ili Mize asimcheke kabla yeye hajacheka.

Mize hakuja. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Mina naye, ambaye hakuwahi kupitwa na mlango ulio wazi wala uliofungwa, hakupiga hodi. Ashatu alienda kisimani, akabeba mtungi kwa mkono wa kushoto, na wanawake waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Aliwasalimu, wakaitikia, kila mmoja akiangalia kamba yake.

"Wengine wana nguvu za kuamkia kazi," alisema Mina, akitazama ndani ya kisima. "Waliojaliwa, wamejaliwa."

Ashatu alidhani anasifiwa mkono wake, akatabasamu. Hakuna aliyetabasamu naye. Njiani akapishana na Mize, kabeba jembe na kikapu cha ming'oko, na Mize akageuza uso upande wa pili wa njia.

Usiku huo alipata maana yake mwenyewe, na maana yenyewe ilikuwa hii: mkono umeharibika, wamekwisha niona si wa kazi tena, na mtu asiye wa kazi hana marafiki wakati wa njaa. Ilimuuma kuliko siku ile ya dunguni. Alikula tondo alizookota pwani maji yalipokupwa, alikula peke yake, alisema peke yake, na sauti pekee iliyojibu ndani ya ua ule ilikuwa ya mchi wake. Na sauti yenyewe ilikuwa mbovu. Alikuwa hajasikia mchi mmoja tangu usichana wake. Pigo, halafu kimya, halafu pigo.

Asubuhi moja akasali, akautazama mchi, akarudi kulala. "Natwanga kwa ajili ya nani?" alijiuliza. Kesho yake hivyo hivyo, na siku ya tatu ilikuwa rahisi zaidi, maana uvivu wa huzuni huzoeleka upesi. Siku ya nne alitaka kufunga nguo yake kifuani, na mkono ukakataa kupanda. Ulikuwa umekakamaa kama siku ulipofunguliwa. Alisimama katikati ya chumba nguo imemtoka mkononi, akalia kwa sauti, akamlilia Dija aliye mbali na mumewe aliye kaburini, lakini zaidi alimlilia Mize.

Alipomaliza kulia alifanya jambo ambalo angeona haya kulieleza. Alikwenda pembeni ya ua ulikokuwa mchi wa Mize, akauegemeza kwenye kinu, upande ambao Mize alisimama siku zote. Kisha akaanza upya. Subhanallah, pigo. Halafu akangoja, kiasi cha mwenzake kuinua na kushusha, ndipo akapiga la pili. Nafasi ile ya kungoja ilimpumzisha mkono, ikampumzisha na moyo. Alipofika kumi alijikuta anapiga vizuri. Tangu siku ile hakuacha tena. Hakutwanga kwa ajili ya Bi Tabia wala kwa ajili ya mkono. Alitwanga kuitunza ile nafasi.

Alimaliza subhanallah zote, macho makavu. Akaingia katika alhamdulillah, kumi, kumi na tano, akazimaliza nazo. Kiwiko kilianza kulegea. Mtaani hakuna aliyejua, wala hakuna aliyeuliza.

Asubuhi moja, akiwa katikati ya uradi wake, mlango ukabishwa.

"Hodi."

Ashatu aliijua sauti. Alifungua komeo upesi. Mize alisimama nje, amekonda, ameshika bakuli la mti, na hakumtazama usoni.

"Karibu, shoga yangu. Karibu ndani."

"Sikai," alisema Mize. "Nimekuja kuomba, na sikutaka kuja. Mwanangu Ashura siku ya pili leo hajatia kitu tumboni. Nipe kibaba kimoja cha mchele wako, nami sitakusumbua tena."

"Mchele gani, Mize?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Mwezi mzima na siku zake nasikia mchi wako. Mtaa wote unasikia. Hakuna nyumba yenye punje, na wewe kila alfajiri unatwanga, tena umetia komeo. Nilikubeba mgongoni kutoka bondeni, Ashatu. Ukashindwa hata kuniita niulambe ungo." Akalihamishia bakuli mkono wa pili. "Na kinachoniua zaidi ni kwamba unatwanga unaniachia nafasi. Nalala kitandani nasikia nafasi yangu, na chakula unakula wewe."

Ashatu alisogea kando tu, akamwonyesha kinu.

Mize aliingia, akatia mkono ndani. Alichota, akafungua vidole, na vumbi la pumba likamiminika chini. Akatia mkono tena mpaka kiwikoni, akitafuta chini kabisa, akatoa vumbi lile lile. Alinusa kiganja chake.

"Pumba," alisema.

"Ni dawa ya mkono. Bi Tabia ndiye aliyeniagiza."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukuuliza?"

Ashatu aliingia ndani, akatoka na chungu chenye tondo za kuchemsha na mng'oko mmoja, akavimimina vyote katika bakuli. Mize alishika bakuli kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, kisha akauona mchi wake umeegemea kinu.

"Huu nao unafanya nini hapa?"

"Unakungoja."

Mize alitoka mbio kumpelekea mtoto bakuli lile, akarudi kabla Ashatu hajafunga mlango, akajifunga nguo kiunoni, akaushika mchi. Wakatwanga. Pigo likafuata pigo bila mwanya, kwenye pumba zilizokwisha kuwa unga wa vumbi, na Ashatu akaingia katika Allahu akbar zake bila kujua ameingia lini.

Mtaa ulisikia michi miwili, na michi miwili, kwa watu wenye njaa, maana yake ni karamu. Walikuja. Mina alikuwa wa kwanza, kisha mzee Alawi na mkewe, kisha wengine, kila mtu na chombo chake. Mize alifungua mlango mpaka mwisho.

"Tieni mikono," aliwaambia. "Kila mtu atie."

Walitia mmoja mmoja, wakatoa, wakafuta viganja vyao kwenye nguo. Walisimama uani na mabakuli matupu, na hawakujua kama waondoke au wakae. Ndipo Mina, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, akaweka bakuli lake chini, akauliza.

"Mkono unaendeleaje, Ashatu?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelipanga tangu siku ile alipofika pigo la ishirini, pamoja na mzaha wake, akalirudia kila siku kwenye ua ulio kimya. Sasa hakulihitaji. Akaushika mchi kwa mkono wa kulia peke yake, akauinua juu ya kichwa ili wauone wote, na akauweka pale pale mpaka mkono ukaanza kutetemeka.