Kamera Kubwa ya Waweru

Mume wangu Waweru hutengeneza mizinga ya nyuki hapa Naro Moru, kwa hivyo alipoanza kupiga randa mbao za saiprasi nilidhani ni mzinga mwingine. Likatokea sanduku la kumtosha mbuzi. Mbele akatia lenzi aliyoing'oa kwenye mashine kuukuu ya fotokopi, katikati akashona turubai jeusi la kukunjuka, na nyuma akaacha nafasi ya filamu. Kumbe ni kamera. Nilimwambia watu wana simu. Akaendelea kupiga randa.

Chanzo ni mama yake, Kagure. Macho yanamfifia, na daktari wa Nyeri alisema hayatarudi.

"Picha ya simu ni kadogo sana," alituambia. "Nataka kuona watu yangu wote mara moja, kabla giza haijaingia."

Picha ya kamera hii hutoka kubwa sawa na filamu yenyewe, na Waweru alikuwa amepewa filamu za eksirei na zahanati iliyonunua mashine mpya isiyotumia filamu. Nyingi aliziharibu akijaribu kuzisafisha kwa dawa stoo, chini ya taa nyekundu ya joto aliyowanyang'anya vifaranga. Vifaranga wangu walitetemeka kwa baridi, nami niliudhika, sifichi. Ikabaki filamu moja.

Jumamosi asubuhi, mlima ukiwa wazi, alitupanga uani tumeketi, mimi na watoto wetu kandokando, mama katikati. Filamu hiyo huchukua mwanga polepole, hivyo tuliagizwa tutulie tuli, kila mtu akisali Baba Yetu moyoni hadi amina. Waweru akaondoa kifuniko cha mkebe wa mafuta ya Kimbo kilichoziba lenzi, akaja kuketi nasi.

Hatujafika kwenye 'mkate wetu wa kila siku', Harrison, mzee wa kanisa, akatokea getini. Aliona tuko kazini, akanyamaza, akavua kofia na kuinua mkono. Nani angemwacha mzee wa kanisa na mkono hewani? Sote tuliinuka, tukainamisha vichwa, tukampungia, naye akaenda zake. Mama peke yake hakutikisika. Tulimsifu kwa utiifu.

Picha ilipokauka, sisi tulikuwa moshi mtupu. Mama alionekana hadi nyuzi za sweta. Aliisogeza karibu na pua.

"Huyu ni mimi. Nyinyi mko wapi?"

Waweru alimweleza kwamba Harrison alipita getini, tukainuka kumsalimia.

"Harrison alikuja na sikumsalimia?" Aliishusha picha mapajani. "Geti sionangi siku hizi, Waweru."

Hakuna aliyejua mambo yamefika hapo. Waweru aliiweka picha kando, akavuta kigoda, akaketi mbele yake hadi magoti yao yakagusana. Mama alimtazama uso mpaka akaridhika. Wakafuata watoto, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho. Alinishika mashavu, akanitazama sana, kisha akasema nimekonda, nile vizuri. Nililia pale pale.